Waliokua, Waliochelewa na Waliogoma: Rekodi za Umri Kwenye Katuni

Bart Simpson alikuwa na miaka 10 The Simpsons ilipoanza kurushwa Desemba 1989, na leo bado ana miaka 10. Watoto waliokuwa rika lake wakati ule sasa wanahesabu mvi na kulipa ada za wanao. Yeye yuko darasa lile lile, mtundu vile vile, na hakuna anayeshangaa. Katuni ndivyo zilivyo: mchoraji asipotaka, mtoto hakui.

Hata hivyo, kwa kugoma kukua, kombe si la Bart. Guinness wanaitambua Sazae-san ya Japani kuwa katuni ya televisheni iliyodumu kuliko zote duniani. Ilianza tarehe 5 Oktoba 1969 na mpaka sasa huonyeshwa Jumapili jioni. Mtoto wa Sazae, Tara, ana miaka 3. Sauti yake ilikuwa ya Takako Sasuga, aliyeshika kazi hiyo tangu mwanzo mpaka alipofariki Februari 2023 akiwa na miaka 87. Zaidi ya nusu karne mtoto alibaki mtoto huku mwenye sauti akizeeka. Kati ya rekodi zote zinazofuata hapa, sina ninayoiheshimu kama hiyo.

Kubaki hapo hapo kuna faida zake. Kituo kinaweza kurusha kipindi cha mwaka huu leo na cha miaka 20 iliyopita kesho, mtazamaji asione tofauti. Sura iliyochapwa kwenye fulana na mabegi ya shule haipitwi na wakati. Kwa katuni za watoto wadogo kuna sababu nyingine, na hiyo ni ya haki kabisa: wanaohama ni watazamaji. Akili, msichana wa Akili and Me inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ana miaka 4 kwa sababu kila mwaka kuna kundi jipya la watoto wanaofika umri huo, na hao ndio anaojifunza nao kuhesabu. Akipanda darasa, atawaacha.

Kwa hiyo mhusika akikua, ujue kuna mtu aliamua. Na mara nyingi kilichomsukuma hakikuwa sanaa.

Aliyetangulia

Mkongwe wa kundi hili ni Pebbles wa The Flintstones. Alizaliwa mbele ya watazamaji Februari 1963, enzi ambazo katuni ya familia kurushwa usiku, saa za watu wazima, bado lilikuwa jambo geni. Septemba 1971 akarudi na kipindi chake mwenyewe, The Pebbles and Bamm-Bamm Show, akiwa msichana wa sekondari. Miaka 8 ya kalenda ilimtosha kumaliza utoto wote. Kisha mwaka 1986 wenye mali wakarudisha saa nyuma: The Flintstone Kids ikamleta baba yake, Fred, akiwa mtoto. Hapo, kwa maoni yangu, tamaa ilizidi akili.

Sura iliyochorwa ili ikue

Wajapani walilichukulia suala hili kwa uzito zaidi. Mwaka 1979 Isao Takahata aliongoza Akage no Anne, vipindi 50 vilivyotokana na riwaya maarufu ya Lucy Maud Montgomery wa Kanada. Anne anafika shambani akiwa yatima wa miaka 11, na hadithi inamwacha akiwa msichana aliyemaliza masomo.

Mtihani ulimwangukia mchora wahusika, Yoshifumi Kondo. Ilibidi achore mtoto asiye mzuri wa sura, lakini ambaye uso wake ungekuja kupendeza bila mtu kuhisi kwamba amebadilishwa na mwingine. Akampa paji pana, macho makubwa, madoadoa, mashavu yasiyo na nyama na mwili mwembamba. Vipindi vikisonga, mashavu yanajaa, mikia miwili ya nywele inafunguliwa na kubanwa juu, magauni yanashuka. Hata mwendo unabadilika: yule aliyekuwa akikimbia na kupayuka anajifunza kukaa kimya, na mlezi wake Marilla anaanza kuukosa ule mdomo aliokuwa akiulalamikia. Ukivitazama kipindi cha kwanza na cha mwisho kwa pamoja, unashtuka. Ukifuata wiki kwa wiki, ni kama mtoto wa jirani unayemwona kila siku, ukigeuka siku moja amekupita urefu. Sijaona katuni iliyofanya kazi hii vizuri zaidi, na wengi waliojaribu baadaye walikuwa na kompyuta.

Wenye ukoo mkubwa

Mashabiki wa anime walikuwa wananisubiri hapa. Goku wa Dragon Ball aliingia kwenye televisheni Februari 1986 akiwa mtoto mwenye mkia. Dragon Ball Z ilipoanza Aprili 1989 alikuwa baba, na mwanawe Gohan alikuwa na miaka 4. Gohan naye akakua, akaoa, akapata binti, Pan, na Goku akawa babu. Akira Toriyama hakumrefusha Goku ili kutufundisha chochote kuhusu maisha. Alieleza kwamba mwili mfupi wenye kichwa kikubwa ulikuwa unamsumbua kuchora mapigano. Mikono mifupi haifiki kokote.

Ajabu zaidi iko kwenye sauti. Masako Nozawa, mama aliyezaliwa mwaka 1936, ndiye Goku mtoto, ndiye Goku mtu mzima, ndiye Gohan, ndiye mdogo wake Goten, na ndiye Bardock, baba yake Goku. Vizazi vitatu vya wanaume vinatoka kwenye koo la mwanamke mmoja, wakati mwingine katika mazungumzo yale yale.

Dragon Ball inashika pia rekodi ya kukua haraka. Kuna chumba ambamo siku moja ya nje ni mwaka mzima ndani. Gohan anaingia humo na baba yake kufanya mazoezi, na nje siku haijaisha akatoka amerefuka. Mzazi aliyewahi kununua sare za shule Januari na kuzikuta fupi Juni atamwelewa mama wa Gohan.

Kwa wingi wa vipindi vinavyomfuata mtu mmoja kutoka utoto hadi ubaba, sioni wa kumshinda Naruto. Hesabu ni hii: Naruto, kuanzia Oktoba 2002, vipindi 220, Shippuden, kuanzia Februari 2007 hadi Machi 2017, vipindi 500, kisha Boruto, inayomfuata mwanawe, vipindi 293 hadi Machi 2023. Jumla 1,013, bila kuhesabu filamu. Alianza akiwa na miaka 12, yatima anayefeli mitihani na kuchora vinyago vya kejeli kwenye nyuso za viongozi wa kijiji. Akaishia kuwa kiongozi huyo huyo.

Wengi walitegemea hadithi iishie pale pa ushindi, lakini Boruto ilithubutu kuonyesha cheo kinavyomla baba. Siku ya kuzaliwa ya binti yake, Himawari, Naruto yuko ofisini na marundo ya karatasi. Kwa kuwa anajua kujigawa miili, anatuma mwili wa bandia nyumbani. Mwili huo umeshika keki, nguvu zinaisha, unatoweka kama moshi, na keki inaanguka sakafuni mbele ya mtoto. Boruto hamsamehei, na mtazamaji aliyemshangilia Naruto kwa miaka 15 anajikuta yuko upande wa mwana.

Mwendo wa kobe

One Piece ilianza Oktoba 1999, Luffy akiwa na miaka 17. Imeshapita vipindi 1,000, na Luffy ana miaka 19. Hiyo miwili yenyewe aliipata kwa mkupuo, hadithi iliporuka muda wa mafunzo.

Detective Conan inamzidi kwa vituko. Tangu Januari 1996 mpelelezi wa miaka 17, Shinichi, amenaswa katika mwili wa mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu ya sumu aliyonyweshwa. Yaani yeye amekua kinyumenyume. Vipindi vimepita 1,100, na ndani ya hadithi mwaka mmoja haujatimia. Katika huo mwaka usiotimia, wahusika wameanza kwa kupiga simu kwenye vibanda vya barabarani na sasa wanaperuzi simujanja. Idadi ya watu waliouawa ndani ya miezi hiyo michache ingefanya mji wowote uhamwe.

Sauti ilipokuwa nzito

Turudi kwenye sauti, maana humo ndimo siri ilimo. Bart anaingiziwa sauti na Nancy Cartwright, Naruto na Junko Takeuchi, Goku na Nozawa, wote wanawake. Sauti ya mwanamke mzima haibalehe, kwa hiyo mvulana wa katuni anaweza kubaki mvulana hadi mwenye sauti astaafu. Ukimtumia mtoto wa kweli, una miaka mitatu au minne, basi. Watengenezaji wa katuni za Charlie Brown, waliotumia watoto tangu miaka ya 1960, walitatua tatizo kwa kuwabadilisha: mmoja akikua, analetwa mwingine.

Adventure Time ilipoanza Aprili 2010, Finn alikuwa na miaka 12 na Jeremy Shada aliyemwingizia sauti alikuwa na 13. Alikuwa amerithi kazi hiyo kwa kaka yake Zack, aliyeigiza kwenye kipindi cha majaribio kisha akapitwa na umri. Sauti ya Jeremy nayo ikaanza kushuka. Mwanzilishi, Pendleton Ward, akaamua asitafutwe mwingine. Finn akue naye. Ukisikiliza misimu kwa mfuatano unaisikia sauti ikishuka hadi kuwa ya kijana. Na hadithi ikalazimika kuifuata: Finn anapenda na kukataliwa, anamfahamu baba asiye na maana, anapoteza mkono. Kipindi kilipoisha Septemba 2018 alikuwa na miaka 17. Kati ya rekodi zote, huku ndiko kukua pekee ambako ni kwa kweli, kwa sababu umri uliosikika ulikuwa wa mtu halisi.

Waliosubiri, kisha wakaruka

Arthur, yule mnyama mwenye miwani, alianza Oktoba 1996 na kukaa darasa la tatu kwa misimu 25. Ilipofungwa Februari 2022 ikiwa katuni ya watoto iliyodumu kuliko zote Marekani, dakika za mwisho ziliruka miaka 20. Arthur ni mwandishi wa vitabu vya michoro, rafiki yake Buster ni mwalimu, na mdogo wake D.W., aliyekuwa akiwaamrisha wote nyumbani, ni askari wa trafiki. Sijui kama imewahi kutokea kazi iliyompata mwenyewe hivyo.

Mwaka 2025 ikaja zamu ya King of the Hill. Katuni hiyo ya Texas ilipoondoka hewani, Bobby alikuwa na miaka 13. Iliporudi Agosti 2025, baada ya miaka 15 hivi, yeye ana 21, kwa hiyo hata alipokua alitudhulumu miaka kadhaa. Wazazi wake, Hank na Peggy, wanarudi kutoka Saudi Arabia, baba alikokwenda kufanya kazi ya gesi. Sauti ya Bobby bado ni ya Pamela Adlon. Ni mpishi mkuu wa mgahawa wake mjini Dallas, unaochanganya mapishi ya Kijapani na ya Kijerumani. Hank ameuza gesi ya kupikia maisha yake yote, na kwake gesi ni kama dini. Mtoto anachoma kwa mtindo wa robata, ambao asili yake ni mkaa.