Dawa ya Akili Haipo Dukani

Kila ifikapo Julai, Newala ikiwa na baridi yake na mtihani wa darasa la saba umebisha hodi, swali ni lile lile: "Daktari, dawa gani ya kuongeza akili ni nzuri?" Juzi mama mmoja wa Masasi alitoa mkobani chupa ya dawa ya maji, nyekundu, imebaki robo. Mwanawe kakatazwa mpira tangu Mei, asije akamaliza nguvu za ubongo. Alfajiri tuisheni, jioni tuisheni. Nilipomuuliza mtoto jana kasoma nini, akapiga miayo.

Ubongo si tochi, eti ukiuwasha uwanjani betri itakwisha kabla ya hesabu. Na chupa ile ni vitamini tu. Humfaa aliyepungukiwa vitamini. Anayesinzia kwa malaria, minyoo au upungufu wa damu anahitaji kupimwa, na chupa inamchelewesha. Aliye mzima haambulii kitu, labda mkojo wa njano uliolipiwa na baba yake.

Mpira waliomnyang'anya ndio uliokuwa na kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwatembeza watoto 20 kwenye mashine ya mazoezi kwa dakika 20, kisha wakawapima. Walikuwa makini zaidi na walielewa vizuri zaidi walichosoma kuliko siku walipopimwa baada ya kukaa tu. Watoto 20 ni wachache, nakubali. Muuza chupa aliyepima hata wawili ajitokeze.

"Lakini anateka maji, Daktari." Shida ya maji huku kwetu naijua. Mwendo wa kisimani unahesabika kama mazoezi. Dumu la lita 20 kichwani ni mzigo, msiuite mchezo.

Haya, cha kufanya. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 kwa siku, miaka 5 hadi 17, na hazilazimiki kufululiza. Rede, kombolela, kamba, mpira wa makaratasi, sindimba, chochote cha kumtoa jasho. Wasichana pia, maana wao hupewa ufagio kaka zao wakipewa mpira. Acheze kabla ya tuisheni, alale mapema. Siku za kupuliza salfa, asicheze mikoroshoni: vumbi lile linawasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu au selimundu aje kwanza tupange, hakatazwi.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akairudisha chupa mkobani. Robo iliyobaki, alisema, atampa mdogo wa mtoto yule.