Safari ya Mombasa: Tulivyozungumza na Wafugaji wa Samaki wa Kioo



Wengi mmetuuliza kazini na njiani: je, ni kweli kwamba wajumbe wa tawi la Jinja walisafiri mpaka Mombasa kuhutubia watu wanaofuga samaki wasioliwa? Ni kweli. Tulikuwa wawili, mama mmoja mkata minofu na mwenzake mbeba barafu, na nauli ililipwa na wenyeji wetu, si na mfuko wa chama. Hilo tulitaka lijulikane mapema.

Wenyeji hao ni kikundi kidogo cha wapenzi wa samaki wa baharini. Kila mmoja ana tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya chumvi, taa, pampu na matumbawe, na ndani yake samaki wa rangi wanaonunuliwa kwa bei ambayo mchuma chai asingeiamini. Mmoja wao alizaliwa Walukuba, akakulia karibu na Masese. Ndiye aliyewashauri wenzake wawaite watu wa Jinja waje waeleze yaliyolipata ziwa.

Tulipanda basi jioni, tukavuka mpaka Malaba usiku. Safari ni zaidi ya kilomita 1,000. Hotuba tulikuwa tumeiandika kwenye daftari, lakini tulipofika Nakuru tulikwisha futa nusu yake, kwa sababu ilijaa maneno makubwa ambayo sisi wenyewe hatuyasemi.

Tulianza na nkejje, ambaye wengine humwita furu. Wazee wanamkumbuka samaki huyu mdogo aliyekaushwa na kutungwa kwenye vijiti, ambaye akina mama wa Kiganda waliwapikia watoto wenye surua. Si samaki mmoja. Wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za jamii yake. Mmoja wa upande wa Mwanza alipewa jina la kitaalamu la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wengi wao mama huwatunza watoto mdomoni mpaka waweze kuogelea.

Kisha tukaeleza habari za mbuta, yaani sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 ili aongeze kitoweo na mapato. Hapa kwetu Jinja, ambapo kituo cha utafiti wa samaki kilianzishwa mwaka 1947, hawakukosekana waliopinga. Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyefanya kazi hapo, aliandika mwaka 1960 akionya juu ya jambo hilo. Hakusikilizwa. Katika miaka ya 1980 mbuta walijaa ziwani, na nkejje wakaisha kama sukari ndani ya chai. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Uchafu unaoingia majini na nyavu zenye macho madogo navyo vilichangia, tusimtwike mbuta mzigo wote.

Hapo bwana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa upole lakini bila kuficha: ninyi mnaomkata mbuta na kumpeleka Ulaya, hamwoni haya?

Ndugu, ukumbi ulinyamaza. Mama wetu akajibu akiwa amesimama. Alisema mshahara wa minofu ndio uliosomesha watoto wake. Alisema minofu hupanda ndege na sisi hununua mgongo wazi, mifupa yenye nyama kidogo, tukaikaanga. Alisema mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa sababu ya habari za samaki kuvuliwa kwa sumu, kiwanda alichokuwamo kilisimama, na waliorudishwa nyumbani bila kitu hawakuwa wenye kiwanda. Hakuna aliyewauliza wakata minofu, alisema, mbuta alipotiwa ziwani, wala soko lilipofungwa. Yule bwana aliomba radhi. Kwa maoni yetu swali lake lilikuwa halali, ila lilikosea mlango.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyeketi nyuma karibu na mlango, hakuitwa kusema. Ni mzamiaji. Hao samaki wa rangi hawaji wenyewe kwenye tangi: yeye huzama mwambani na wavu wa mkono, huwatia mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki, na hulipwa kwa kila samaki. Tulimwomba aje mbele. Akaeleza kwamba samaki akifa kabla ya kupokewa na mnunuzi, hasara ni ya mzamiaji, na akiumia masikio au kifua, hiyo nayo ni yake. Wenye kazi za kipande wataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Wenyeji wengi walikuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza, ingawa samaki aliowavua yeye wamo sebuleni mwao.

Kesho yake tulipelekwa nyumbani kwa mwanachama mmoja. Kando ya tangi lake la bahari ana lingine la maji baridi, na humo tulimwona samaki wa njano mwenye mistari myeusi mipana. Tuliambiwa asili yake ni Ziwa Kyoga na kiziwa cha Nawampasa, hapo kaskazini ya kwetu, ambako sasa ni adimu mno. Hawa walizaliwa katika matangi ya Ulaya, kwa watu waliowazalisha miaka mingi kwa mapenzi tu, kisha wakaletwa Mombasa kwa ndege. Jike mmoja alikuwa amefura shavu. Mama wetu akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema kwa Lusoga kwamba huyo ana watoto mdomoni. Mwenye nyumba hakuwa amelitambua bado.

Jioni mzamiaji yule alitusindikiza kituoni. Njia nzima aliuliza jambo moja: tawi la chama hufunguliwaje, na huanza na watu wangapi. Tulimpa kitabu cha katiba ya chama tulichokuwa nacho mfukoni. Katibu atuwie radhi, ilikuwa nakala ya ofisi.