Mkwara Ukikubali, Kaushia

Mtaa wa Kongo, saa kumi jioni, Kariakoo imefurika mpaka mikokoteni inaomba njia. Dada mmoja kashika raba nyeupe. Kaigeuza, kaikunja soli kwa dole gumba, kanusa gundi, kavuta uzi uliochomoza pembeni. Winga kaanza na hamsini na tano. Dada kataja ishirini na tano. Winga kashika kifua: "Sista, hiyo hata hela ya mzigo haijafika, bosi nitamwambia nini?" Dada kaweka kiatu, kaondoka bila kugeuza shingo. Alipofika kwa muuza chaja ndipo akaitwa: "Sista, rudi bwana, leta arobaini twende." Wakamalizana elfu thelathini na nane. Hela imehesabiwa, raba zimeingia kwenye mfuko, dada katabasamu, winga kamwambia karibu tena.

Dada hajafikisha hatua tano, winga kageukia wana wake, kagonga tano na mmoja wao, sauti juu: "Dukani ishirini na mbili! Kumi na sita yangu hiyo!"

Dada kasikia. Karudi, kaweka mfuko juu ya meza, kanyoosha mkono: nipe hela yangu. Watu wakajaa, simu zikaanza kurekodi, mwenye duka akatoka ndani na kalamu yake sikioni. Akarudisha elfu thelathini na nane yote mbele za watu, na winga akaambiwa akatafute mlango mwingine wa kusimama.

Yule mwana alikuwa ameshashinda. Raba zilikuwa nzima, bei dada kaikubali mwenyewe, na aliondoka akijiona mjanja kwa kuteremsha elfu kumi na saba. Hakuna aliyekuwa analia. Kelele za sekunde tatu ndizo zilizobomoa kila kitu, na mimi nimeziona kelele hizo Kariakoo kote, Aggrey, Msimbazi, Narung'ombe, zikila hela za washkaji wenye vipaji vya hatari.

Wacheza poka wanaubishania mtihani huu huu kila siku. Umeshika karata za hovyo, umezuga unazo, umesukuma chipsi zako zote katikati. Jamaa mwenye mkono mzuri kaogopa, katupa. Sheria haikudai kitu: wote wakishatupa, hela ni yako, na karata zako zinarudi kwa mgawaji zikiwa zimelala kifudifudi. Hapo sasa ndipo mkono unapowasha. Kuna wanaosema fungua, waone ulikuwa huna kitu. Jamaa atapaniki, atacheza kwa hasira, na siku ukiwa na karata za kweli hatakuamini, atakulipa. Wengine wanasema kausha, aliyetaka kuona angelipia.

Hapa Dar poka halali inachezwa kasino, kwenye kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003, na kama hujafika miaka 18 huingii. Wengi wetu hatujawahi hata kukaa kwenye hiyo meza. Ila nani wa Kariakoo hajui kuzuga? Winga kazi yake yote ni hiyo. Hana mzigo, hana fremu, hana mtaji. Ana miguu, ana mdomo na ana namba za wenye maduka. Mteja akitaja anachotaka, winga anazama ghorofani, anachukua kwa bei ya duka, anarudi na cha juu chake kichwani. Huku anasema duka ni lake, huku anasema bosi mkali, huku anasema imebaki pea moja. Mteja naye kaja na ya kwake. Kuna duka la kule nyuma kaambiwa thelathini, kumbe hajafika. Hela aliyonayo ndiyo hiyo tu, kumbe msimbazi mbili zimelala kwenye soksi. Wote wanachimbiana mikwara, wote wanajua wanachimbiana, na bei inayotoka hapo ni ya haki kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhuru wa kuondoka.

Niseme hili mapema kabla mtu hajanielewa vibaya. Mkwara ni wa bei tu. Ukimuuzia mtu simu feki ukamwambia orijino, hapo hujazuga, umeiba. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963 na Tume ya Ushindani ndiyo inayozikamata bidhaa bandia. Jambo la namna hiyo unalisema kabla hela haijatoka, tena kwa sauti. Ninapoandika kaushia, naongelea cha juu chako, naongelea bei uliyokuwa tayari kushukia. Chaja itakayomlipukia mama wa watu kitandani haimo humu.

Sasa kwa nini mkono unawasha? Nadhani ni kwa sababu ushindi wa kuzuga hauna shahidi. Ukishinda kwa nguvu kila mtu anaona. Ukishinda kwa kichwa, unayejua ni wewe peke yako, na kijana wa kitaa anataka wana wajue. Hata kwenye lasti kadi tuliyokulia vijiweni, ukibakiza karata moja lazima uitangaze, usipotamka unaadhibiwa. Halafu tumepata simu. Muamala ukisoma tu, mtu anapiga picha meseji, anaitupia kwenye stetasi: wengine mmelala, sisi tunakula mjini. Kasahau kwamba mteja wa asubuhi kasevu namba yake. Huyo mteja anaiona ile hela, anaijua bei aliyolipa, hesabu anapiga akiwa kwenye mwendokasi. Cha ajabu ni kwamba kijana huyo huyo kwenye ukurasa wake wa Instagram kaandika bei njoo inbox. Bei kaificha, faida kaibandika ukutani.

Hao wateja tunaowachukulia poa ndio wanaolisha mitaa hii. Kuna mama anatoka Lubumbashi, kuna jamaa anatoka Lusaka, kuna watu wa Lilongwe na wa Komoro, wanakuja kubeba kwa dazeni na kwa bela. Wanakaa gesti moja, wanakula meza moja, wana makundi yao ya WhatsApp. Ukimwonesha mmoja ulivyomzidi akili, umewaonesha wote kabla basi halijavuka Tunduma. Wakirudi na fedheha hiyo, hakuna anayekuja kukugombeza. Wanapita tu mbele yako, wanakusalimia vizuri, wanaingia mlango wa pili.

Las Vegas, 2003, mashindano makubwa ya poka ya dunia. Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni wa dola 86, kabaki meza ya mwisho na mkongwe Sam Farha. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker hana kitu, karata alizozisubiri hazikutoka, lakini kasukuma chipsi zote. Farha kafikiria sana, katupa. Dunia ilikuja kuziona karata zile kwenye televisheni, kwa sababu kulikuwa na kamera ndogo za kuzichungulia, na wakati huo mchezo ulishaisha na dola milioni 2.5 zilishapata mwenyewe. Watu wa poka wanausimulia mkono ule mpaka leo. Mimi naangalia saa. Ulifunuliwa meza ikiwa imeshakunjwa. Meza ya Kariakoo inakunjwa lini? Kesho saa mbili asubuhi winga yuko palepale, na Farha wake anapita na mkoba.

Kuna mkongwe mwingine, Jack Straus, bingwa wa mwaka 1982, anasimuliwa kisa kikali zaidi. Inasemwa alikuwa na saba na mbili, karata mbovu kuliko zote, na mpinzani ana jozi kubwa mkononi. Straus kaweka hela nyingi, jamaa kasita. Straus akamwambia: nipe dola 25, chagua karata yangu yoyote, nitakuonesha. Jamaa kalipa, kaoneshwa mbili. Akaona kama ile ni mbili, basi na iliyofichwa lazima ni mbili, na kwa karata zilizolala mezani, kapigwa. Katupa.

Kisa hicho kinanikumbusha wale wa karata tatu, wanaopanga kiboksi chao pembeni ya njia na macho yote mawili kwa askari. Nawachukia, niseme wazi, maana wamewamaliza watu wa mikoani waliokuja na nauli ya kurudia tu. Ila waangalie wanavyofanya. Karata wanakuonesha. Wanakuonesha tena, taratibu, kona yake imekunjwa kidogo uione vizuri. Halafu mwenzao, anayejifanya mpita njia kama wewe, anashinda buku kumi na kukuonesha noti. Kinachokumaliza pale ni kile ulichooneshwa. Ndiyo maana mtu wa mjini anayekufungulia karata yake bila kuombwa mimi namtazama mara mbili. Winga akikuonesha meseji ya "bosi" inayosema usishuke chini ya arobaini, jiulize kwa nini simu imekugeukia wewe.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye ule ubishi wa poka uko hivi: cha kuonesha ni karata za kweli. Ukiwa nazo, na jamaa katupa, fungua. Mwache aone kwamba ulipotisha ulikuwa na sababu. Mkono unaofuata, ukiwa mtupu, atakuheshimu. Wengi tunafanya kinyume. Tukiwa na kitu kweli tunanyamaza, tukiwa hatuna kitu na tumeponea chupuchupu, ndipo tunapiga kelele.

Kariakoo wenyewe wameshaliona hili kwa ukubwa wake. Mei 15, 2023 wafanyabiashara walisema wanafunga maduka kwa sababu ya kodi na kamatakamata ya kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato, TRA, na wakafunga kweli. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja anawasikiliza. Juni 2024 maneno ya kufunga yalipoanza kuzunguka tena, kitaa kilijua si mkwara. Tarehe 24 milango ikashuka, na mgomo ukasambaa hadi mikoani. Uwe ulikuwa upande wao au hukuwa, na mimi nilikuwa upande wao, neno lao lilikuwa na uzito kwa sababu watu walishawahi kuziona karata zao zikiwa zimejaa.

Kwa winga ni vilevile. Ukisema mzigo unaisha leo, na kesho mteja akapita akakuta umeisha kweli, mchukue mpaka stoo, mwoneshe rafu tupu. Ukisema bei inapanda kontena likichelewa, na ikapanda, mtumie picha ya bei mpya bila kumsimanga. Ukiwa umemshushia mtu mpaka cha juu chako kimebaki jero, mfungulie hesabu aione, huyo atakuletea shemeji zake wote. Ule wa elfu kumi na sita, mezea. Kula chakula kizuri, tuma hela nyumbani, lala.

Dogo anayejifunza kazi naye? Huyo mfungulie, tena kila kitu, maana atajifunzia wapi? Ila mfungulie usiku, mageti yameshashushwa, mmekaa na chipsi mayai zenu pale Gerezani mkisubiri gari. Mwambie ulianza na ngapi, ulisoma nini usoni kwa mteja, kwa nini ulimwacha afike kwa muuza chaja kabla ya kumwita. Mwambie pia siku ulizoita mapema ukapoteza elfu tano. Usimtaje mteja kwa jina wala kwa umbo. Dogo akianza kucheka mteja, katisha stori.

Na wewe mnunuzi, usijione uko nje. Umezuga huna hela, umeshushiwa, umelipa. Halafu palepale unachomoa bunda la noti utafute nauli, au unampigia rafiki yako: "Nilikuwa nimejiandaa na hamsini!" Winga anakusikia. Hatarudi kukudai, lakini uso wako kaushika. Ukija Desemba kununua nguo za watoto, hesabu ya sikukuu itaanzia pale ulipojitaja mwenyewe.

Linalobaki ni lile swali linalokuja kwa upole, mteja wa kudumu, chai mkononi: "Kaka, ile siku ya kwanza ulinipiga shingapi?" Hapa mawinga wengi wanachanganyikiwa. Wengine wanaapa hawakupata kitu, na hapo wanaharibu, kwa sababu mteja si mtoto. Wengine wanajimwambafai wanataja namba. Mzee mmoja wa Mtaa wa Swahili, aliyeanza kuuza vitenge kabla hatujazaliwa, nilimsikia akiulizwa hivyo na mama mmoja. Alimjibu: "Mama, faida nilipata, watoto wangu walikula. Kitenge kilichuja?" Mama akasema hakikuchuja. Mzee akamvutia kigoda, akamwambia leo kuna rangi mpya, akaanza na bei ya juu kama kawaida.