Kutoka Kajaga Hadi Kitandani: Dakika Zinazompotea Mgonjwa

Kajaga iko magharibi mwa Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara inayokwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Mgonjwa wa huku huanzia kituo cha afya. Hali ikimzidi, hupelekwa mjini: Prince Régent Charles, Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, au hospitali ya chuo kikuu ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled. Kwenye ramani safari hiyo ni fupi. Lakini tangu mafuriko ya mwaka 2020, mto Rusizi na ziwa lenyewe vimekuwa vikirudi mara kwa mara kuzitembelea nyumba na barabara za upande huu wa jiji, na uhaba wa mafuta umewafanya hata wenye magari wahesabu kila lita.

Hata hivyo, barabara ni sehemu tu ya shida. Muda mwingi hupotea pale mgonjwa anapotoka mkononi mwa mtu mmoja kuingia mkononi mwa mwingine: muuguzi wa kituo anapotafuta gari, mlinzi anapoelekeza watu getini, daktari wa zamu ya mchana anapomwachia mwenzake wa usiku, karani anapoandaa hesabu ya kumruhusu mtu aende nyumbani. Kila mmoja huenda akawa ameifanya kazi yake vizuri, na mgonjwa bado akaumia kati yao.

Ushahidi mzuri wa jambo hili hauhitaji kutafutwa Ulaya. Uko Kabezi, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ziwa. Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifungua huko kituo cha dharura za uzazi, kikifanya kazi usiku na mchana bila malipo. Wajawazito wasio na matatizo walijifungulia kwenye vituo vyao vya karibu kama kawaida. Kabezi ilipokea wale tu ambao uzazi wao umepata hitilafu: damu inayotoka bila kukoma, mtoto aliyekaa vibaya, uchungu uliozidi muda, kifafa cha mimba.

Mkunga wa kituo cha pembeni alipoona dalili ya hatari, hakumwambia mume atafute gari. Alipiga simu au redio, na gari la wagonjwa likaondoka Kabezi likiwa na mhudumu aliyefunzwa ndani yake. Huyo alianza kumtunza mama palepale alipomkuta, na mama akiwa bado njiani, wahudumu waliokuwa wakimsubiri Kabezi walijua ni nani anakuja na ana shida gani. Vituo 9 vya uzazi viliunganishwa kwa njia hiyo, katika wilaya yenye watu wapatao 200,000.

Watafiti waliozikagua kumbukumbu za mwaka 2011 walikuta gari limeitwa mara 1,478. Nusu ya akina mama walifika Kabezi ndani ya dakika 78 tangu simu ipigwe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika uzazi huua: safari ilipozidi saa 3, uwezekano wa mtoto kufariki katika siku zake za mwanzo ulikaribia kuongezeka mara mbili. Gharama ya mtandao mzima ilikuwa yuro 61 kwa kila mama aliyesafirishwa. Ukiigawanya kwa wakazi wote wa wilaya, kila mmoja anaangukiwa na chini ya nusu yuro kwa mwaka.

Kwa makadirio ya MSF, vifo vya uzazi katika wilaya ya Kabezi mwaka huo vilikuwa 208 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wakati makadirio ya nchi nzima yalikuwa 800. Ni pungufu ya asilimia 74. Ujuzi wa upasuaji ulichangia, na dawa pia, lakini vyote hivyo visingemfaa mama aliyebaki kilomita 20 mbali akisubiri mtu wa kumchukua.

Tanzania imepita njia inayofanana na hiyo. Mpango wa m-mama ulianza Kanda ya Ziwa mwaka 2013, kisha ukasambazwa nchini kote. Anayepiga namba 115 bila malipo hujibiwa na mhudumu anayeuliza maswali ya kitaalamu ili kupima ukubwa wa hatari. Kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama.

Mgonjwa akishafika hospitali, getini kuna mtihani mwingine. Katika hospitali nyingi za ukanda huu, foleni hufuata desturi ya aliyetangulia. Desturi hiyo ni ya haki sokoni. Katika chumba cha dharura, inaweza kumweka mtoto anayehangaika kuvuta pumzi nyuma ya watu 30 wenye mafua.

Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, iliugua ugonjwa huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wahudumu wake waliamua kuipanga upya kliniki ya watoto: kila mtoto akaguliwe mara tu anapoingia, walio hatarini watolewe kwenye foleni na kutibiwa papo hapo, na kumbukumbu zao zitunzwe vizuri. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18. Baada ya mabadiliko vikashuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo anayesimama mlangoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa maisha kuliko inavyodhaniwa.

Kwa watu wazima, madaktari na wauguzi wa Cape Town, Afrika Kusini, walibuni utaratibu wa rangi ambao leo hutumiwa katika nchi kadhaa. Muuguzi hupima pumzi, mapigo ya moyo, joto na presha, huangalia kama mtu anatembea na kama ana fahamu zake, kisha hujumlisha alama, nazo huamua rangi ya mgonjwa. Nyekundu maana yake atibiwe sasa hivi. Rangi ya chungwa haivuki dakika 10, njano haivuki saa 1, kijani inaweza kusubiri hadi saa 4. Anayehitajika hapo ni muuguzi mmoja aliyefunzwa, akiwa na saa, kipimajoto na mashine ya presha. Wenye kijani nao wanapaswa kuelezwa kwa nini wanasubiri, maana anayejua sababu hupata moyo wa kuvumilia.

Baada ya geti ni wodi. Watu wakisikia wagonjwa wawili wamelala kitanda kimoja, jibu la haraka huwa ni kujenga jengo jipya. Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa chuo cha Case cha Marekani, alithibitisha kanuni ambayo kila mkuu wa hospitali anaweza kuitumia: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku mara siku wanazokaa. Wodi inayopokea wagonjwa 10 kwa siku, kila mmoja akilala siku 6, inahitaji vitanda 60. Wakilala siku 8, vinahitajika 80.

Siku hizo 2 za ziada hutokea wapi? Picha ya eksirei iliyoombwa Ijumaa inapigwa Jumatatu. Majibu ya damu yamekwisha kutoka, ila yamelala kwenye meza ya maabara kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuyapeleka wodini. Daktari bingwa hupita mara mbili tu kwa wiki. Vitanda 20 vimeliwa hivyo, na hakuna aliyepona haraka zaidi kwa sababu yake.

Mlango wa mwisho ni wa kutokea, na Burundi inaujua vizuri. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiwa katika hospitali za nchi hii kwa kushindwa kulipa. Walikuwa wamekwisha kutibiwa, lakini walibaki humo kwa wiki, wengine kwa miezi, miongoni mwao akina mama waliojifungua kwa upasuaji pamoja na vichanga vyao. Waliteseka wao, na waliteseka pia wagonjwa wapya waliokosa nafasi. Mei mosi mwaka huohuo, serikali ilikuwa imetangaza huduma bure kwa watoto chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Uamuzi huo ulifungua milango kwa maelfu, na hospitali zikajaa kabla hazijapata muda wa kupanga namna ya kuwapokea.

Kati ya milango hiyo yote kuna maneno. Zamu inapobadilika, anayeondoka anapaswa kumweleza anayeingia mambo manne kuhusu kila mgonjwa aliye mahututi: nini kinaendelea sasa, alikotoka na historia yake, anayeondoka mwenyewe anaionaje hali, na nini kifanyike usiku huu. Yakisemwa kwa mpangilio huohuo kila siku, mbele ya kitanda, ni vigumu dawa ya saa nane za usiku kusahauliwa. Ndugu wanaomuuguza mgonjwa, ambao katika hospitali zetu ndio wanaopika, wanaofua na wanaokesha, wanastahili kuwepo hapo na kusikia. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona mabadiliko.

Wakuu wa hospitali za Bujumbura wanaweza kuanza wiki hii kwa daftari na saa ya ukutani. Waandike mambo matatu: dakika kutoka getini hadi kwa muuguzi wa kwanza, dakika kutoka simu ya kituo cha afya hadi mgonjwa kufika, na saa kutoka mtu kuruhusiwa hadi kitanda chake kupata mwingine. Wayabandike mahali ambapo wafanyakazi wote wanayaona. Na wewe msomaji wa Kajaga, Gatumba au Kinama, weka namba ya kituo chako cha afya kwenye simu yako leo. Ukipewa rufaa, usiondoke bila barua inayoonyesha ugonjwa, dawa ulizopewa na saa ulizopewa, na omba kituo kipige simu hospitali kabla hujapanda gari.