Mvua Ioshwe Kabla ya Kuingia Ziwani

Mvua ikinyesha mjini hufagia mafuta ya magari, takataka na kinyesi cha mbwa, na mtaro ukavipeleka vyote majini. Je, na anayekunywa maji hayo?

Mji wa Toronto, Kanada, hunywa maji ya Ziwa Ontario. Kwenye ufukwe wake wa East Bayfront, uliokuwa wa viwanda na sasa una ofisi na makazi, bustani ya Sherbourne Common ilifunguliwa mwaka 2010. Humo maji ya mvua hutuamishwa kwanza, kwani penye tope vijidudu hujificha. Kisha mtambo ulio chini ya banda la bustani huyapiga mionzi ya urujuanimno inayoua vijidudu. Hatimaye hupandishwa kwenye sanamu tatu, kila moja ikikaribia mita 9 kwenda juu, yakamwagikia mimea, na kufuata mfereji wa wazi wa mita 240 hadi ziwani.

Bomba lililofukiwa hukumbukwa likiziba. Mfereji wa wazi kila mpita njia ni mkaguzi wake. Hivyo basi, ajengaye ufukweni aanze na mtaro, bustani itafuata.