Moduli Moja, Matoleo Mengi: Programu za Hospitali Nchini Rwanda (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ulioasisiwa mwaka 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, pamoja na wenzao wa Partners In Health, ulivyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 na kufika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, mwaka huohuo. Sehemu hii inachambua suala linalowakabili wataalamu wa Kigali wanaouhudumia mfumo huo, yaani namna ya kuunda moduli moja itakayofanya kazi katika matoleo yake mbalimbali.

Moduli ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kiini cha mfumo ili kukiongezea kazi ambayo hakina. Kiini cha OpenMRS hushughulikia mambo yanayofanana kila nchi, kama vile mgonjwa, vipimo na dawa, ilhali mahitaji ya nchi moja moja huachiwa moduli. Mfano ni mohbilling ya Rwanda, inayotengeneza ankara na kugawa gharama za matibabu kati ya mgonjwa na bima yake, ikiwemo Mutuelle de Santé. Kwa kuwa vituo vya afya vimekuwa na seva zao na havipandishi toleo kwa wakati mmoja, moduli iliyofungwa kwenye toleo moja tu huviacha vingine bila huduma.

Kiini na moduli huwasiliana kupitia kiolesura cha programu, ambacho ni orodha ya huduma ambazo kiini kinaahidi kuzitoa na namna ya kuziomba. Ahadi hiyo ikibadilika, moduli iliyoitegemea hukwama. Toleo la 1.10, kwa mfano, lilipanga upya maagizo ya dawa: agizo lililokwisha kuhifadhiwa halihaririwi tena, bali hufungwa na kufuatwa na agizo jipya, na hata tarehe ya kuanza kwake ilipewa jina jingine katika msimbo. Hitilafu nyingine hujificha zaidi. Maktaba ya Hibernate, inayounganisha programu na hifadhidata, ilipotoka mfululizo wa 3 kwenda wa 4, amri moja ilibaki na jina lake lakini ikabadilisha aina ya jibu inalorudisha, hivyo moduli iliyokwisha kujengwa kwa mfululizo wa zamani ilianguka ingawa hakuna mstari wake hata mmoja uliokuwa na kosa. OpenMRS ililitatua hilo kwa kuweka tabaka lake la kati, liitwalo DbSessionFactory, ili moduli isiiguse maktaba moja kwa moja.

Hatua ya kwanza ya mtengenezaji ni kutaja, ndani ya faili la config.xml, toleo la chini ambalo moduli inalihitaji, ili mfumo ukatae kuiwasha mahali isipofaa badala ya kuiacha iharibike kazi ikiendelea. Hatua ya pili, ambayo ndiyo msingi, ni kuutenga msimbo unaofaa kila mahali na ule unaotegemea toleo fulani. Kanuni za kugawa ankara hukaa katika sehemu ya pamoja, nayo namna ya kusoma agizo la dawa huandikwa mara mbili, kwa toleo la 1.9 na kwa la 1.10, kisha kila nakala huwekewa alama ya OpenmrsProfile inayotaja toleo lake. Mfumo unapowaka huipakia nakala inayolingana nao na kuiruka nyingine, kwa maana kuigusa tu kungeufanya utafute vitu visivyokuwepo.

Hatua ya tatu ni kuijaribu moduli dhidi ya kila toleo linalotajwa kuwa linakubalika, jambo linaloongeza gharama kadiri orodha inavyorefuka. Kwa sababu hiyo, busara ya fani hii haiko katika kuyabeba matoleo yote daima, bali katika kutangaza mapema ni lipi litaachwa na lini, ili vituo vijiandae kupandisha mifumo yao. Maandalizi hayo, hasa namna kumbukumbu za zamani zinavyohamishiwa katika muundo mpya bila kupotea, yatajadiliwa katika sehemu ya tatu.