Kipushi: mwamba uleule, hazina tofauti kwa kila zama

Kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko mji wa Kipushi, ambao mgodi wake wa chini ya ardhi uko umbali usiofika kilomita moja kutoka mpaka wa Zambia. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 1924 na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga, ukapewa jina la Prince Léopold, ukafungwa mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kuzalisha. Kati ya 1924 na 1993 zilitolewa humo takriban tani milioni 60 za mbale, yaani mwamba wenye madini ya kutosha kulipa gharama za kuuchimba, na katika mbale hiyo zilikuwamo tani milioni 6.6 za zinki na tani milioni 4 za shaba.

Hesabu hizo ni kubwa, lakini hazielezi jambo ambalo Kipushi inalifundisha kuliko migodi mingi. Mwamba wake haujabadilika kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ilhali sehemu yake inayohesabiwa kuwa mali imebadilika mara kadhaa ndani ya karne moja: kwanza shaba, kisha zinki pamoja na shaba, baadaye jemaniamu ambayo hapo awali haikujulikana kuwa imo, na sasa zinki tena. Ili kuelewa mabadiliko hayo, inafaa kwanza kufahamu jinsi mwamba wenyewe ulivyoundwa.

Bahari, barafu na mikunjo

Miamba ya Kipushi ni sehemu ya mfuatano mkubwa wa miamba mashapo, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope na chokaa vilivyotuama majini tabaka juu ya tabaka, ambao wanajiolojia wanauita Kundi Kuu la Katanga. Mashapo hayo yalianza kujikusanya zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita, pale ardhi ilipotanuka na kubonyea kati ya mabamba mawili ya kale, moja la Kongo na jingine la Kalahari, na bonde lililopatikana likajaa maji ya bahari. Mfuatano huo hugawanywa katika makundi matatu, ambayo kutoka chini kwenda juu ni Roan, Nguba na Kundelungu.

Mgawanyo huo una maana ya kiuchumi, kwa kuwa sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga, ikiwamo ile ya Kolwezi na Tenke, imo katika kundi la chini la Roan na imetandazwa sambamba na tabaka za miamba, hivyo kwamba mchimbaji anayefuata tabaka hufuata pia shaba. Kipushi haifuati kanuni hiyo. Mbale yake imo katika kundi la Nguba, juu ya mwamba wa mawe na kokoto vilivyoachwa na barafu katika enzi ambayo barafu ilienea sehemu kubwa ya dunia, tena badala ya kulala pamoja na tabaka, mbale hiyo inazikata na kuteremka chini kwa kina kirefu.

Baada ya barafu kuyeyuka, bahari yenye kina kifupi ilitandaza chokaa nene inayoitwa Kakontwe. Sehemu kubwa ya chokaa hiyo iligeuka kuwa dolomiti, mwamba unaofanana na chokaa isipokuwa magnesiamu imechukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu yake. Miamba ya aina hii huyeyuka polepole katika maji yenye asidi na hupasuka inapokandamizwa, na tabia zote mbili huacha nafasi ambamo kitu kingine kinaweza kuingia.

Mkandamizo ulikuja karibu miaka milioni 550 hadi 500 iliyopita, mabamba yale mawili yalipogongana na kuikunja miamba ya Katanga katika tao refu linalopita kutoka Kongo hadi Zambia, lijulikanalo kama Tao la Lufilia. Kipushi iko kwenye mmoja wa mikunjo hiyo, ambao ni wa aina ya antiklini, yaani tabaka zake zimeinuka katikati na kuinama pande zote mbili. Kiini cha mkunjo huo kimejaa breksia, mwamba ulioundwa na vipande vya mawe vyenye ncha vilivyovunjika na kugandamana upya, na mahali breksia hiyo inapokutana na dolomiti ya ubavu wa kaskazini ndipo ulipo ufa mkali wa Kipushi, ambao mbale imejipanga kando yake.

Metali zilivyofika

Vipimo vya umri vilivyofanywa kwa kutumia elementi zinazooza kwa kasi inayojulikana vinaonyesha kwamba mbale ya Kipushi iliundwa karibu miaka milioni 450 iliyopita, yaani baada ya miamba kukwisha kukunjwa na kupasuka. Kwa hiyo metali hizi hazikutuama baharini pamoja na chokaa, bali ziliingia baadaye kupitia njia ambazo mikunjo na nyufa zilikuwa zimekwisha kuzifungua.

Kilichozibeba ni maji ya moto yenye chumvi nyingi. Ndani ya fuwele za madini ya Kipushi yamenaswa matone madogo mno ya maji hayo, na wanasayansi wanapoyapasha moto na kuyagandisha chini ya hadubini huweza kukadiria joto na chumvi ya kimiminika cha asili. Matokeo yanaonyesha joto la nyuzi 300 za Selsiasi hivi au zaidi, na chumvi inayozidi ile ya bahari ya leo mara nyingi. Klorini iliyomo katika maji ya namna hiyo hushikana na zinki, shaba na risasi na kuziwezesha kusafiri zikiwa zimeyeyuka. Maji yalipopanda kando ya ufa na kukutana na salfa pamoja na dolomiti inayopunguza asidi, metali zilishindwa kubaki zimeyeyuka, zikaungana na salfa na kuganda zikiwa salfaidi, huku dolomiti ikiyeyuka na kuziachia nafasi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za mgodi salfaidi haziko ndani ya mwamba wa awali kama vijipande vilivyotawanyika, bali zimechukua nafasi ya mwamba huo karibu wote.

Amana za jinsi hii ni chache duniani, na wanajiolojia huzitaja pamoja na Tsumeb ya Namibia na Kabwe ya Zambia.

Kilichomo ndani ya mbale

Salfaidi iliyo nyingi zaidi Kipushi ni sfalerite, mchanganyiko wa zinki na salfa ambao rangi yake hutegemea kiasi cha chuma kilichomo: chuma kikiwa kidogo huwa ya asali, kikiwa kingi hukaribia weusi. Shaba imo zaidi katika kalkopirite yenye rangi ya manjano na katika bornite, ambayo ikikaa hewani hupata rangi za zambarau na buluu. Risasi imo katika galena yenye mng'ao wa kijivu, na pirite ya chuma na salfa imeenea sehemu nyingi. Ipo pia tenantite, ambayo huunganisha shaba na aseniki, na uwepo wake una uzito pale linapozungumzwa suala la mabaki ya mgodi. Karibu na uso wa ardhi, ambako mvua na hewa vimeozesha salfaidi, shaba hugeuka malakite ya kijani, na ni kijani hicho kilichowaongoza watafutaji wa kwanza.

Watafutaji hao hawakuwa Wazungu. Karne nyingi kabla ya ukoloni, wafua shaba wa Katanga waliyeyusha malakite na kumimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika katika biashara mbali na mahali ilipotengenezwa. Katika karne ya 19, Msiri, aliyetoka kwa Wasumbwa wa Tanzania ya leo na kusimika dola yake Bunkeya, alitawala biashara ya shaba na pembe za ndovu iliyofika pwani zote mbili za Afrika hadi alipouawa mwaka 1891.

Madini yaliyoipatia Kipushi umaarufu katika sayansi ni mengine kabisa. Kwa muda mrefu, salfaidi moja yenye rangi ya machungwa ilidhaniwa kuwa ni namna ya bornite, mpaka mwaka 1948 J. F. Vaes, mtaalamu wa madini wa Union Minière, alipoonyesha kuwa ni madini mapya yenye shaba, zinki, chuma na jemaniamu. Aliyaita renierite kwa heshima ya Armand Renier, mwanajiolojia wa Ubelgiji. Tofauti na bornite, renierite huvutwa na sumaku, na hiyo ilitoa njia ya kuitenga na salfaidi nyingine. Galite, madini ya kwanza kujulikana ambayo galiamu ni sehemu yake kuu, ilielezwa mwaka 1958 kutokana na sampuli za Tsumeb na Kipushi, na mwaka 1965 ikafuata briartite, yenye shaba, zinki, chuma na jemaniamu, iliyopewa jina la Gaston Briart.

Thamani inavyohama

Ugunduzi wa renierite ulikuja wakati wake. Jemaniamu ilitambuliwa na mkemia Mjerumani Clemens Winkler mwaka 1886, lakini kwa miaka 60 haikuwa na matumizi makubwa. Mwishoni mwa 1947 ndipo transista ya kwanza, kifaa kidogo cha kuongoza mkondo wa umeme, ilipoundwa Marekani kwa kutumia kipande cha jemaniamu. Metali ambayo tangu 1924 ilikuwa ikipita katika tanuri bila kuulizwa ilianza kutafutwa, na kati ya 1956 na 1978 Kipushi ilitoa tani 278 za jemaniamu. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mbele ya mamilioni ya tani za zinki, ingawa kwa metali inayotumika kwa gramu kilitosha kuiweka Kipushi miongoni mwa vyanzo vikuu vya dunia.

Baada ya serikali kuitaifisha Union Minière mwaka 1967, mgodi uliingia mikononi mwa kampuni ya umma iliyokuja kuitwa Gécamines. Wataalamu wake walichoronga miamba kwenye ngazi za chini na kugundua fungu kubwa la sfalerite, liitwalo Big Zinc, lakini mwaka 1993 mgodi ukafungwa kutokana na hali ya uchumi na siasa kabla fungu hilo halijachimbwa. Makadirio ya baadaye yaliliweka kwenye wastani wa takriban asilimia 35 za zinki, wakati migodi mingi ya zinki duniani huridhika na chini ya asilimia 10. Zinki hiyo ndiyo inayopakwa juu ya chuma ili kisishike kutu, kama ilivyo kwa mabati ya paa yaliyoenea Afrika Mashariki na Kongo.

Kurudi chini hakukuwa rahisi. Dolomiti ya Kakontwe ina mapango na mianya mingi iliyojaa maji, na kwa hiyo maji ya mgodi unaopita kando yake lazima yasukumwe nje usiku na mchana. Pampu ziliposhindwa mwaka 2011, maji yalipanda hadi takriban mita 860 chini ya uso wa ardhi na kufunika ngazi zenye utajiri. Kampuni ya Ivanhoe Mines ya Kanada, iliyoingia ubia na Gécamines mwaka huohuo, ililazimika kwanza kuyatoa maji na kukarabati shimo kuu la wima, lenye kina cha mita 1,240 na kipenyo cha mita 8.

Mabaki na makinikia

Kila tani ya mbale iliyochenjuliwa imeacha topesumu, yaani tope la mwamba uliosagwa na kunyimwa sehemu tu ya madini yake. Dolomiti iliyomo humo hupunguza makali ya asidi inayotokana na pirite, na hilo ni afueni, lakini haiondoi risasi, kadimiamu inayofuatana na zinki, wala aseniki ya tenantite, ambazo vumbi na mito huweza kuzifikisha mashambani na majumbani. Mabaki hayo ni hatari na pia ni akiba. Kilima cheusi cha mabaki ya tanuri kilichopo Lubumbashi, ambacho sehemu yake ilitokana na mbale ya Kipushi, sasa kinachakatwa na kampuni tanzu ya Gécamines, na mwaka 2024 jemaniamu yake ilianza kusafirishwa Ubelgiji, mwaka mmoja tu baada ya China kuweka masharti juu ya uuzaji wa jemaniamu na galiamu nje.

Suala la metali zisizohesabiwa haliishii Kongo. Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba, yaani mchanga wa madini uliochenjuliwa lakini haujayeyushwa, nje ya nchi mwezi Machi 2017, na mabishano yaliyofuata juu ya kilichokuwamo ndani yake yalionyesha kwamba swali la Kipushi, la nini hasa kimo ndani ya mwamba, ni la eneo zima. Makinikia hubeba metali iliyotajwa katika mkataba na nyingine zisizotajwa, na nani anufaike na hizo za pili hutegemea zaidi nani aliyezipima. Nchi inayotunza sampuli za mwamba, kumbukumbu za uchorongaji na maabara zake huweza kujua inauza nini kabla soko halijaipa metali hiyo jina na bei. Kipushi ilizalisha miaka 24 kabla ya renierite kutambuliwa, na jemaniamu iliyopotea katika miaka hiyo ni kipimo cha kutosha cha gharama ya kutojua.